Rejesho la nyumba limekuelemea? Kuongeza muda, kupumzishwa, kupunguziwa riba, kuhamisha au kuuza

Ukienda tawini kusema rejesho la nyumba limekushinda, jibu linalokuja haraka zaidi ni la kuongezewa muda. Ukiwa umekalia kiti mbele ya afisa mikopo, na ada za watoto zinakungoja nyumbani Ilazo au Nkuhungu hapa Dodoma, jibu hilo linasikika tamu. Tatizo ni kwamba, kwa riba za hapa nchini, kuongeza muda peke yake ndiyo nafuu ya gharama kubwa kuliko zote, na unafuu wenyewe kwa mwezi ni mdogo. Kabla ya kusaini ni vizuri kuiweka kando ya njia nyingine na kuangalia hesabu.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Ukitafuta mtandaoni habari za kurekebishiwa mkopo wa nyumba, utakutana na kurasa nyingi za Marekani zenye vigezo vilivyonyooka: kipato hiki, asilimia ile, fomu fulani. Wenzetu baada ya msukosuko wa fedha walikuwa na mpango wa serikali, HAMP, ulioanza 2009 na kufungwa mwisho wa 2016. Ulilenga kushusha rejesho hadi asilimia 31 ya kipato ghafi cha familia, na mkopaji alipitia kwanza miezi mitatu ya majaribio. Tanzania hakuna mpango wa namna hiyo. Hapa nafuu ni makubaliano kati yako na benki, na benki ina hiari ya kukataa. Usiende tawini ukidai "haki yangu ya asilimia 31". Hawatajua unazungumzia nini.

Hiari hiyo lakini haiko hewani. Mkopo uliochelewa kwa zaidi ya siku 90 unahesabiwa kuwa chechefu, benki inalazimika kuutengea fedha za hasara, na Benki Kuu inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Meneja wa tawi ana sababu yake ya kutotaka wewe ufike siku ya 91. Ndiyo maana mtu anayefika akiwa amechelewa siku 20 husikilizwa tofauti na anayefika baada ya miezi mitano ya kuzima simu. Nguvu yako ya kujadiliana iko ndani ya hizo siku 90.

Sasa hesabu. Tuchukue mkopo wa shilingi milioni 60, riba asilimia 17 kwa mwaka, miaka 15. Riba za mikopo ya nyumba nchini kwa kawaida zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19, kwa hiyo mfano huu uko katikati. Rejesho ni takriban shilingi 923,400 kwa mwezi. Baada ya miaka minne umeshalipa milioni 44.3, lakini deni limeshuka hadi milioni 55 tu. Ndiyo, milioni 5 kati ya 44. Nyingine yote imeliwa na riba. Miaka 11 imebaki, na hapo ndipo mambo yanakuwa magumu. Njia zako ni hizi:

| Njia | Rejesho la mwezi | Utakacholipa kuanzia sasa hadi mwisho |
|---|---|---|
| Kuacha kama ilivyo, miaka 11 | 923,400 | milioni 121.9 |
| Muda uwe miaka 15 kuanzia leo | 846,500 | milioni 152.4 |
| Muda uwe miaka 20 kuanzia leo | 806,800 | milioni 193.6 |
| Riba ishuke hadi 15%, muda uleule | 853,000 | milioni 112.6 |
| Miezi 6 bila kulipa, mwisho uleule | 0, kisha 1,021,400 | milioni 128.7 |
| Miezi 6 ya kulipa riba tupu, mwisho uleule | 779,200, kisha 938,700 | milioni 123.0 |

Angalia mstari wa miaka 20. Unajifunga miaka tisa zaidi, unaongeza karibu milioni 72, na unachookoa ni shilingi 116,600 kwa mwezi. Sababu ni kwamba riba peke yake juu ya deni la milioni 55 ni shilingi 779,200 kila mwezi. Hata ukiongezewa miaka 40, rejesho haliwezi kushuka chini ya hapo. Kama pengo lako la kila mwezi ni laki tatu, muda hautaliziba hata benki ikiwa na huruma kiasi gani.

Kisha linganisha mstari wa miaka 15 na ule wa riba ya asilimia 15. Marejesho yanakaribiana sana: 846,500 na 853,000. Lakini wa kwanza unakuongezea milioni 30.5 na wa pili unakupunguzia milioni 9.3. Kwa hiyo pointi mbili za riba zina thamani sawa mfukoni mwako na miaka minne ya muda, bila kukufunga zaidi. Watu wengi wanaomba muda kwa sababu hawakujua kwamba riba nayo inaombeka. Inaombeka, hasa kwa mteja aliyelipa vizuri kwa miaka kadhaa kabla ya kuyumba. Na ukiweza kupata vyote viwili, riba ya 15 na miaka 15, rejesho linashuka hadi shilingi 769,800, chini kuliko ile ya miaka 20, na jumla inakuwa milioni 138.6. Mimi ningeanza kuomba hapo, na kuacha benki ndiyo inishushe.

Kupumzishwa ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ilitangaza kuzilegezea benki masharti ya kupanga upya mikopo, kwa kuangalia kila mteja kivyake, na wengi wakabaki na picha kwamba "kusimamishiwa marejesho" ni miezi ya bure. Riba haisimami. Katika mfano wetu, miezi sita ya kutolipa chochote inaongeza deni hadi karibu milioni 59.8, na ukirudi unakutana na rejesho la shilingi 1,021,400. Kwa mtumishi wa umma hili lina mtego wa ziada. Makato yote hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ibaki. Mwenye mshahara wa milioni 2.5, ukitoa kodi, mchango wa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) na bima ya afya, anabaki na nafasi ya kama shilingi 926,000 ndani ya theluthi mbili. Rejesho la zamani lilienea kwa kubana. Jipya halienei. (Na hapo hatujagusa Bodi ya Mikopo, ambayo inachukua asilimia 15 kwa aliyesoma kwa mkopo.) Ukipumzishwa hivyo, utalazimika kuomba na muda pia, na utakuwa umelipia nafuu mara mbili.

Kulipa riba tupu kwa miezi sita ni bora zaidi kwa mwenye shida ya muda mfupi: deni halikui, na baadaye rejesho linapanda shilingi 15,300 tu. Ubaya wake ni kwamba unafuu ni shilingi 144,200 kwa mwezi. Unamfaa aliyeuguliwa, au mwenye duka Majengo ambaye mzigo umekwama, asiyekauka kabisa. Kwa aliyepoteza kazi, hata hiyo 779,200 ni mlima.

Kwa huyo wa mwisho kuna vitu viwili vya kuangalia kabla ya kuomba nafuu yoyote. Kimoja ni fao la kukosa ajira: mwanachama wa NSSF au PSSSF aliyechangia angalau miezi 18, ambaye kazi imeisha bila yeye kuiacha kwa hiari, anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa hadi miezi sita. Cha pili ni bima. Mikopo ya nyumba karibu yote inakatiwa bima ya maisha, na baadhi ya mikataba inagusa ulemavu au hata kuachishwa kazi. Toa mkataba kwenye bahasha uusome. Inasikitisha kuona mjane anahangaika kupata rejesho huku bima ya marehemu ilipaswa kulifuta deni, eti kwa sababu hakuna aliyepeleka cheti cha kifo benki.

Haya, nani anakubaliwa? Maafisa mikopo hawana orodha moja ya nchi nzima, lakini maswali yao yanafanana. Kwa nini umeyumba, na una karatasi gani? Je, baada ya nafuu utaweza kulipa? Umechelewa siku ngapi? Umri wako unaruhusu? Nyumba ina thamani gani leo?

Swali la pili ndilo linaloangusha wengi, na linaangusha pande zote mbili. Ukionyesha kipato kidogo mno, benki inaona nafuu ni kuchelewesha mnada tu. Ukionyesha kipato cha kutosha, inakuambia punguza matumizi. Unachotakiwa kuonyesha ni pengo linalozibika: kipato kipo, ni kidogo kuliko zamani au kinakuja kwa mpangilio tofauti, na kwa rejesho la kiasi fulani utalipa bila kukosa. Kitaje hicho kiasi wewe mwenyewe. Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja na mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Naomba kupangiwa upya mkopo wangu wa nyumba iliyoko Kisasa. Posho niliyokuwa nikilipwa imefutwa tangu Machi na kipato changu kimeshuka kutoka milioni 2.9 hadi milioni 2.3 (slipu za miezi sita zimeambatishwa). Ninaweza kulipa shilingi 770,000 kila tarehe 28. Naomba riba ipitiwe upya na muda uongezwe kadiri umri wangu unavyoruhusu."

Ambatisha slipu, taarifa ya akaunti ya miezi sita, na barua ya mwajiri au ya hospitali. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Maneno ya mdomo dirishani hayana kumbukumbu. Afisa akihamishiwa Singida yanaondoka naye.

Suala la umri linawaathiri zaidi watumishi. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na benki inayokata kwenye mshahara haitaki deni livuke hapo. Mwenye miaka 47 hawezi kupata miaka 20 kwa njia ya kawaida. Kwake hoja ya riba si ya kuchagua tena, ndiyo pekee iliyobaki.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, au mfanyabiashara wa alizeti, anaweza kuomba kitu ambacho mwenye mshahara hahitaji: ratiba ya msimu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kumlazimisha mtu wa namna hiyo alipe kiasi kilekile kila tarehe 28 ni kumtengenezea ucheleweshaji. Kulipa riba kila mwezi na sehemu kubwa ya deni baada ya mavuno ni ombi la maana. Leta stakabadhi za mauzo za misimu miwili iliyopita. Bila hizo ni hadithi.

Kuhusu kuhamisha mkopo kwenda benki nyingine: nzuri kwa ambaye bado hajachelewa, haina maana kwa aliyekwisha kuchelewa. Benki mpya itachungulia taarifa zako za mikopo, na ikiona siku 60 za ucheleweshaji itakushukuru kwa kutembelea tawi lao. Pia piga gharama: tathmini mpya, kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, na ada ya kumaliza mapema kama mkataba unaitaja. Kwa punguzo la pointi moja ya riba sidhani kama usumbufu unalipa. Kwa tatu, nenda. Aliyenunua nyumba ya NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) ya Iyumbu kwa mkopo wa benki akumbuke kwamba deni lake liko benki, shirika lilishalipwa. Aliyechukua nyumba ya Watumishi Housing kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani kodi inahesabika kama malipo ya kuinunua, ndiye anayezungumza na mwenye nyumba moja kwa moja.

Na kuna njia ambayo haimo kwenye orodha ya benki lakini imo sana kwenye simu zetu: mikopo ya mtandaoni na kausha damu. Kukopa huko ili ulipe rejesho la nyumba ni kuongeza deni la riba ya kila wiki juu ya deni la riba ya mwaka. Hata miezi sita ya kutolipa chochote, pamoja na ubaya wake wote, ni nafuu kuliko hiyo.

Kupangisha kunastahili kufikiriwa kuliko kunavyofikiriwa. Dodoma tangu serikali ihamie ina wapangaji wa uhakika: watumishi wa Mtumba kwenye mji wa serikali, wanafunzi na walimu wa UDOM, na msimu wa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Kuhamia chumba na sebule Mkonze kwa miaka miwili na kuacha nyumba ya Kisasa ijilipie sehemu ya rejesho kunauma kwa heshima zaidi kuliko kwa mfuko. Lakini hesabu ni kodi utakayopokea, kutoa kodi utakayolipa wewe kule, kutoa kodi ya mapato, kutoa miezi ambayo nyumba itakaa tupu. Ikibaki laki mbili halisi, umepata zaidi ya unachokipata kwa kuongezewa miaka tisa. Mikataba mingi inataka idhini ya benki kwanza. Iombe kwa maandishi, na uitumie kama ushahidi wa kipato kwenye maombi ya nafuu.

Yote haya yanaendeshwa na kalenda ya sheria. Chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, benki lazima ikupe notisi ya maandishi ya kushindwa kulipa, na una siku 60 tangu uipokee. Zamani zilikuwa 90. Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 ilizipunguza. Zikipita, deni lote linadaiwa kwa mkupuo na benki inaweza kuuza bila kwenda mahakamani. Mnada wa ardhi unatakiwa kutangazwa hadharani angalau siku 14 kabla. Ndani ya siku 60 bado unaweza kuomba nafuu, lakini usiache ombi lining'inie: kuomba hakusimamishi saa. Dai barua inayosema notisi imesimamishwa au imeondolewa.

Wapo wanaoshauriwa wakimbilie mahakamani "kuzuia mnada". Kama benki haikutoa notisi, au mwenza wako hakuridhia nyumba ya familia iwekwe rehani, una kesi na utafute wakili au msaada wa kisheria mapema. Kama kilichopo ni kwamba huna fedha, mahakama haina dawa. Tangu marekebisho ya 2008, kesi ya mkopo wa rehani inaweza kwenda kwa njia ya mkato, ambapo mdaiwa haruhusiwi kujitetea mpaka aonyeshe kwamba deni lilishalipwa au mkopo haukuchukuliwa. Utalipa wakili, na penati zitaendelea kuhesabiwa.

Hapo inabaki kuuza mwenyewe, na kwa ambaye kipato hakitarudi, hiyo mara nyingi ndiyo njia bora kuliko nafuu yoyote. Sheria inaitaka benki ipate bei nzuri inayowezekana, na ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini hiyo ni silaha ya baada ya tukio. Mnunuzi wa mnadani anakuja kutafuta bei ya kutupa, na dalali naye analipwa kwanza. Ukiuza mwenyewe kwa idhini ya benki, mnunuzi analipa deni moja kwa moja, hati inatolewa, kinachozidi ni chako. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ila nyumba uliyoimiliki miaka mitatu na kuishi humo jumla ya miaka mitatu inasamehewa kama faida haizidi milioni 15. Kwa nyumba zenye hati za miaka 33 za CDA, ile mamlaka ya zamani ya ustawishaji makao makuu Dodoma, hakikisha umebadilisha kuwa za miaka 99 kabla ya kutafuta mnunuzi. Wanunuzi wa mjini wanaliulizia hilo kabla hata ya kuuliza maji.

Kwa hiyo: shida ya miezi michache, omba riba tupu. Kipato kimeshuka moja kwa moja lakini bado kipo, omba riba ishuke pamoja na muda wa wastani, na ongezea kupangisha. Hujachelewa bado na benki yako ni ghali, hamisha. Kipato kimekwisha na hakuna kingine kinachoonekana, uza kabla ya siku ya 60 ya notisi. Kuongeza muda peke yake kwa miaka tisa ningekuachia wewe mwenye miaka 30 na pengo la laki moja, si mwingine.

Ukikubaliwa, usianze kulipa kiasi kipya mpaka nyongeza ya mkataba isainiwe, na mwenza wako asaini pale alipotia saini mwanzo. Mfumo wa benki utaendelea kuhesabu 923,400 hata kama afisa amekuhakikishia kwa simu kwamba ni 770,000, na tofauti ya kila mwezi itaandikwa kama ucheleweshaji. Omba ratiba mpya ya marejesho iliyochapishwa, uangalie mstari wa kwanza: salio la kuanzia liwe lilelile mlilokubaliana, bila penati zilizojipenyeza.